Ubao wa Magoti wa Mkwaja

Ngamiani, Jumapili, 14 Mei. Asubuhi manyunyu, upepo mdogo.

Mjukuu wangu Salimu, mume wangu mdogo,

Marahaba. Mama yako hajambo, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kwa nini mawimbi ya Durban yanakupita ukiwa umepiga magoti ubaoni. Nami yalinipita, kule Mkwaja, mwaka 1956. Kaka yangu Bakari aliokota ubao wa ngalawa, umepinda mbele. Akaniambia, "Wimbi likikufikisha mchangani ni wako, bibie. Likikukataa, mama anaufanya rafu ya vyombo."

Nilipiga maji upande mmoja, kama nilivyozoea kwenye mtumbwi, nikazunguka palepale.

"Unasaga mahindi?" Bakari akauliza.

Nikatumia mikono miwili, lakini magoti yalikuwa mbele mno; ubao ukazama pua. Mwishowe niliyarudisha nyuma, pua ikainuka, nikaanza kupiga maji mapema. Wimbi lilinikuta tayari ninakwenda, likanichukua hadi mchangani. Nadhani wewe unalingoja kwanza.

Bakari mwenyewe aliubeba ubao hadi nyumbani, akamwambia mama atafute rafu nyingine. Usiku ule nililala saa saba. Kila nikifumba macho, pua ilikuwa inainuka tena.

Bibi yako