Mikono Mfukoni

Hancock, Michigan
9 Februari

Mpendwa Shangazi Helmi,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye theluji. Goti lako linaendeleaje huko Arizona? Sisi ni wazima, ila Baba anakohoa na hataki kusikia habari ya daktari. Unamjua kaka yako.

Uliuliza kama bado nataka kusomea tiba kwa vitendo nikimaliza shahada yangu ya kwanza. Nataka sana! Mshauri wetu chuoni, Bwana Prescott, aliutazama mkono wangu wa kushoto, huu uliolemaa tangu nizaliwe, akasema, "Tafuta kazi ya mezani, binti. Na kama lazima uombe, mkono usiutaje." Nilitoka nimefura kwa hasira. Insha yangu ya maombi inaanza na mkono huo huo.

Kazi yenyewe ni kumfundisha mgonjwa kuvaa, kupika, kuishi tena kwake. Kabla ya kuomba nafasi lazima ukawatazame wenye kazi, nami huandamana na Bi Doreen, mtaalamu wa tiba hiyo. Juzi tulikwenda nyumbani kwa mzee Toivo, aliyepooza upande mmoja. Mazoezi ya kubonyeza mpira hayataki. Anataka kuwasha moto wa sauna yake, kile chumba cha kuogea mvuke, kwa mkono wake. Alipohangaika na kiberiti, nikaruka kumsaidia.

"Mikono mfukoni!" Bi Doreen akanikaripia. "Ukimwashia leo, kesho atawashiwa na nani?"

Niliona haya, Shangazi. Mimi, wa kukosea hivyo!

Mzee akanikodolea macho. "Na wewe mwenye mkono kama wangu, huwa unawashaje?" Nikabana kiberiti magotini, nikamwonyesha. Alivunja njiti nyingi, akatukana kwa Kifini, mwishowe moto ukashika. "Haya, tokeni, nataka kuoga!"

Leo nimetoka kwenye usaili. Wakinikataa nitaomba tena mwakani, na mwaka unaofuata, mpaka wachoke wao.

Nisalimie Mjomba Walter na binamu Elina. Baba naye anakusalimu. Asubuhi, wakati wa kuondoka, alinyoosha mikono anifunge vifungo vya koti, kama alivyofanya tangu nikiwa mtoto.

"Baba," nikamwambia, "mikono mfukoni."

Akaiweka. Akasimama mlangoni, machozi yakimlengalenga, mpaka nikafunga kifungo cha mwisho.

Mungu akutunze, pamoja na goti lako.

Wako akupendaye, mkaidi yule yule,
Aili