Ukuta Alioulamba Tilda

Jumatatu, 1 Aprili 2019

Barua imefika! Afisa wa mambo ya kale anakuja Alhamisi kuiangalia ngome. Firmin kaisoma kasimama, kofia kichwani, kisha kanibusu shavuni — mchana kweupe! Mume wangu huyu hajanibusu mchana tangu harusi ya binti yetu.

Namwelewa. Miaka mitano anataka banda jipya la kukamulia. Shamba lote ni tope, pakavu ni pawili tu: bustani ya mipeasi ya marehemu mama yake, ambayo hataki hata kusikia habari ya kuikata, na pale Wajerumani walipojenga ngome yao ya zege wakati wa vita vile vya kwanza vya dunia. Ombi la kubomoa tumetia sahihi sote wawili. Leo kaniuliza tena kama moyo wangu umeridhika. Nikamjibu: zege tu lile, Firmin, tena linavuja.

Mwongo mkubwa mimi. Baba yangu kazaliwa mle ndani. Bibi Zulma, mama yake, alirudi kutoka ukimbizini akakuta nyumba ni kifusi, akaingia ngomeni na masufuria yake. Waliishi humo miaka, mpaka nyumba ikasimama. Siku hizi wanakaa ndama.

Jumatano, 3 Aprili

Jembe limefukua makombora mawili tena ya vita vile. Firmin kayaweka chini ya nguzo ya umeme kama kawaida, wanajeshi watayapitia. Mimi nimepaka chokaa ngome nzima ndani, mgeni asije akaona uchafu. Mikono inawasha.

Alhamisi, 4 Aprili

Afisa ni msichana, Annelore. Buti mpya, tochi mbili. Akamulika kila kona, akauliza: mama, hakuna maandishi? Askari walikuwa wakichonga majina, wakichora. Ngome za namna hii ziko nyingi, isiyo na alama yoyote hana la kuitetea. Kisha akagusa ukuta, kidole kikatoka cheupe.

Nani kapaka? Mimi. Lini? Jana! Na kila mwaka kabla ya Pasaka, miaka thelathini na minane, kama baba alivyofanya, ndama wasishikwe na magonjwa. Akacheka sana — mpaka alipoiona sura yangu.

Ripoti ataituma Jumatano. Kwa alichokiona, tubomoe tu. Firmin akamkatia kipande cha pili cha keki.

Nimeosha vyombo mara mbili. Basi, yamekwisha, na nimeyamaliza kwa brashi yangu mwenyewe.

Jumapili, 7 Aprili

Tilda! Ndama mpumbavu, Mungu ambariki! Ana tabia ya kulamba ukuta nyuma ya hori. Leo asubuhi chokaa imebanduka kipande kizima, nene kama ganda la mkate, na chini yake — herufi. Zimechongwa kwa msumari.

Nikakimbilia jikoni, nikaleta siki na kisu butu, nikapiga magoti kwenye samadi na nguo ya kanisani. O. BREHM 1917. Chini yake vijistari kumi na tisa, labda siku. Halafu mwandiko mwingine, wa kwetu: Maurits, 14 Februari 1921 — baba yangu, siku aliyozaliwa! Na mistari ya kimo, mmoja kila mwaka, inapanda mpaka 1927.

Wa kwanza unanifika juu kidogo ya goti. Baba, aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango! Nimelia pale pale. Tilda akanilamba sikio.

Nimetundika gunia juu yake. Firmin sijamwambia. Kanisani hatukufika.

Jumanne, 9 Aprili

Nimesema. Kesho ripoti inatumwa, nisingeweza kunyamaza zaidi. Tukiwa kwenye supu nikamwambia: nilikudanganya, sitaki ibomolewe. Akaweka kijiko.

"Si ulitia sahihi, Godelieve?"

"Nilitia."

"Nimekuuliza mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Kwa hiyo umenifanya mjinga, siyo?"

Nikamshika mkono, nikampeleka ngomeni, nikaondoa gunia.

Akapiga magoti. Akapima kwa kiganja, mstari hadi mstari. Tilda anatafuna mkono wa koti lake. Mwishowe: "Mwaka wa ishirini na nne jamaa alirefuka kweli." Akatoa simu, akampigia Annelore yeye mwenyewe! Nilimsikia binti wa watu akipiga kelele upande wa pili — msiguse tena, siki marufuku! Ripoti anaiandika upya. Ngome haibomolewi.

Jamani, nimepumua! Sikujua nimebana pumzi tangu tulipotia sahihi majira ya baridi. Nimekunywa supu iliyopoa, yangu na yake.

Jumatano, 10 Aprili

Nimelala fofofo. Jua limetoka. Annelore atafika saa nane mchana na mpiga picha. Ndama tumewahamishia kwenye banda la zamani, Tilda analamba mbao. Nilikuwa naimba mpaka paka katoka nje.

Na banda jipya? Nimeuliza asubuhi, kwa wepesi tu, huku nakata mkate. Firmin kajibu ameshafikiria, liko suluhisho. Alikuwa anafunga buti, hakuniangalia. Nikasema vizuri sana, nikaendelea kuimba!

Sasa namwona dirishani, na kopo la rangi nyekundu. Yuko bustanini. Mipeasi sita ya mama yake, aliyotupandia mwaka tuliooana, na imechanua yote. Miti mitano tayari ina msalaba mwekundu kwenye shina, alama ya kukatwa.

Kwenye wa sita amesimama tu. Kopo kaliweka chini kwenye majani. Kiganja chake kiko kwenye shina, hakisogei.

Kahawa inachemka. Iache ichemke — buti zangu ziko wapi?