Majani ya Chumba cha Mukama

Jumatano, 3 Julai 1968

Siku ya nne ya ndoa! Clavery — nikiandika tu jina lake moyo unaruka. Anasimamia mafundi wanaogeuza kikale, jumba la marehemu Mukama, mfalme wetu, hapa Ijumbi, kuwa hoteli ya kitalii. Vitanda vya springi! Maji ya moto bombani! Ikifunguliwa atakuwa meneja msaidizi, nasi tutahamia vyumba vya nyuma, peke yetu. Kwa sasa niko ndani tu. Mama mkwe hataki nishike hata ufagio mpaka mwezi uishe, maana mimi ni mugole, bibi harusi. "Mugole hafagii. Mugole ananenepa."

Ijumaa, 5 Julai

Wakubwa wa mkoa watakagua Jumatano. Clavery wangu amekonda. Chumba alichofia Mukama bado kimejaa majani makavu sakafuni, na hakuna fundi anayeyagusa. Wavivu!

Jumapili, 7 Julai

Nimefanya! Wote walikwenda misa, kisha Sabasaba. Nikasingizia kichwa. Nikapita migombani hadi kikale, nikafagia chumba kizima, majani nikayachoma. Mikono yangu ya shule imetoka malengelenge — kwa ajili yako, mpenzi! Kesho atadhani malaika wamepita.

Jumatatu, 8 Julai

Mungu wangu.

Juu ya majani yale ndipo ilipolazwa maiti ya Mukama. Mzee Rutashobya, mtunza kikale, alikubali hoteli kwa sharti moja: ukoo wake uyaondoe wenyewe kesho, wakayazike kaburini pa Mukama. Clavery alijua. Hakuniambia. Mugole anaambiwa nini?

Mafundi wameweka miko na nyundo chini. Mmoja kamuuliza Clavery, watalii wako watalala na nani mle, bwana mkubwa? Wakacheka, wakaenda zao.

Jumatano, 10 Julai

Wakubwa wamekuta jumba tupu. Hawakukaa hata nusu saa. Saruji na mabati vinakwenda kijiji cha ujamaa. Lori limerudisha vitanda Bukoba — nimeviona dirishani vikipita, vipya, bado na karatasi.

Clavery alimpigia magoti Mzee Rutashobya. Mzee akasema majivu hayazikwi, hoteli haipo tena, ila aliyefagia anataka kumjua. Clavery naye ameapa hatamsamehe mtu huyo mpaka afe. Aliapa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Alhamisi, 11 Julai

Mama mkwe ameniletea ndizi. Nilipopokea sahani akanishika mkono, akageuza kiganja. Akatazama. Akageuza cha pili.

"Mugole wangu," akasema taratibu, "mimi sijakupa kazi."

Ametoka. Namsikia uani, anamwita Clavery —