Kwa Baba Yetu Gaspari, Aliyeitwa Mgeni Kwao

Mwaka umekatika, Baba Gaspari Habumugisha, tangu asubuhi ile ulipoomba uji na hukuungoja upoe.

Nyumba imekuwa kimya. Mbwa ulimsemesha Kiswahili, kwa kuwa, ulisema, mlinzi ni mtu wa serikali. Paka ulimsemesha Kinyambo, lugha ya hapa, kwa kuwa yeye ni mwenyeji. Ng'ombe walipata Kinyarwanda tu, lugha ya wazazi wako, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mkwe. Siku hizi mwanao Uwingabire akimfokea paka kwa Kiswahili, paka anamtazama, kisha anageukia ukuta.

Ulipalilia migomba redio ikiwa kiunoni, ukibishana na wakubwa. "Mwongo huyo," uliuambia mgomba, nao haukupinga.

Ulikuwa mpole, Baba, kutushinda sisi wanao. Sisi tunaweka mambo moyoni. Tunaukumbuka ule mkutano wa kijiji, mwenyekiti alipotaka chemchemi yetu izungushiwe uzio, tajiri mmoja anyweshee ng'ombe wake, sisi wengine tukachote maji ng'ambo ya mlima. Uliposimama kupinga, alikukata kauli.

"Kaa chini, mzee. Wewe ni mgeni hapa."

Wewe uliyezaliwa hapa! Wewe uliyebeba mawe ya kuijengea chemchemi hiyo hiyo! Damu ilituchemka. Wewe ukatabasamu.

"Mwenyekiti, mgeni akifika hapa kwetu hupewa kahawa atafune. Nimezeeka hapa, hujanipa hata punje moja. Nani hana adabu, mimi au wewe?"

"Mpeni mzee kahawa yake!" akapaza sauti jirani yetu Salvina, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Habari ya uzio ikaishia hapo.

Hukufikisha hata mwaka kaburini, nguzo za uzio zikaletwa. Mwenyekiti na tajiri wake walidhani wamebaki na mjane na watoto tu.

Mwezi uliopita mama yetu Mukashema, ambaye hajawahi kunyoosha mkono mkutanoni, alishuka bondeni kwenye chemchemi na ndoo yake, akaketi pale palipochimbwa shimo la kwanza.

"Shikamoo, Mama. Tupishe kidogo, tunafanya kazi," wakasema vijana wachimbaji.

"Marahaba, wanangu. Fanyeni. Mimi nasubiri maji."

"Maji si yale pale, Mama?"

"Nayaona. Sina haraka."

Salvina akaja na ndoo yake, akaketi. Wakaja wengine, mmoja mmoja, hadi pakakosa mahali pa kusimamisha nguzo. Jioni lori likapakia nguzo zake likaondoka. Leo asubuhi tumechota maji pale pale, Baba, na mama amekuchotea ya kumwagilia maua ya kaburini.

Tuko pamoja kukukumbuka: mkeo Mukashema, wanao Elipidius, Uwingabire, na Dafroza aliyeolewa kule Kimuli, wakwe, wajukuu na majirani wote wa bondeni.

Wewe hutatoka mioyoni mwetu kamwe, kwa upendo wako. Wenye zile nguzo nao tutawakumbuka, kwa namna yao.