Simba Wanne wa Sokoni

Jumatatu, 3 Agosti

Nimetoka shuleni na chaki bado vidoleni. Nimezizungukia sabili zote tatu, kama kila jioni tangu Andrea afe. Majirani wanadhani ujane umenipanda kichwani. Wadhani tu. Mtu akitaka maji ya bure mjini hapa anakwenda sabili. Mimi nakwenda kuzitazama.

Ya stesheni kwanza. Chuma kitupu, imekuja kwa meli kisha kwa treni. Samaki wawili wamesokotana mikia, maji yanatoka midomoni. Wameipaka upya rangi ya kijani. Nzuri, lakini samaki wale hawamjui mtu. Kisha ya nyumba ya Mwarabu, yenye vigae vya buluu. Nimefuatisha mchoro wa nyota moja kwa kidole mpaka nikapotea. Tabora nzima hakuna kitu kizuri kama kile, na nasema hivyo hata kama mume wangu ananisikia.

Mwisho ya sokoni. Kazi ya Andrea wangu, fundi mawe. Mhindi wa duka la nguo aliigharimia kwa ajili ya marehemu mama yake, pale pale wapagazi wa misafara walipokuwa wakitua pembe za ndovu na kuomba maji. Alitaka simba wanne. Andrea alikuwa hajaona simba ila wa kwenye kopo la majani ya chai. Akachonga hivyo hivyo. Watatu wametoka simba. Wa nne, anayetazama msikiti, ametoka mama yangu mzazi. Mashavu, kidevu, hata ile hasira yake ya asubuhi. Hakukusudia. Alipogundua nusura alie. Mnyamwezi hamkodolei macho mama mkwe, sembuse kunywa maji mdomoni mwake. Sijui alimwona lini vizuri hivyo. Mpaka anakufa alikuwa akizunguka kunywa upande wa pili, na mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Alhamisi, 6 Agosti

Simba wote wamepakwa msalaba mwekundu usoni. Nikadhani ni utundu wa watoto. Muuza vitunguu akanieleza: inavunjwa. Malori hayana pa kugeukia.

Nimerudi nyumbani sikula. Andrea hakuacha picha. Hatukujaliwa mtoto. Ameacha lile jiwe.

Hawavunji.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeaga shuleni, nimekwenda bomani. Karani aliniweka kwenye benchi mpaka mgongo ukauma. Anadhani nitachoka. Mimi nimefundisha watoto sitini kwenye chumba kimoja.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, amenisikiliza kwa adabu. Kiswahili chake safi, cha kitabuni. Sokoni pawe peupe ifikapo Jumamosi ya wiki ijayo, basi. Akaniuliza kama ya stesheni hainitoshi. Ya stesheni! Mwanamke wa mtaa wa Chemchem atoke kwake mpaka stesheni na debe kichwani. Nimemwambia hivyo. Akasema ni jambo la kusikitisha. Nimechukia lile neno. Anayesikitika ndiye mwenye rungu.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya misa nimesema na wanawake mlangoni mwa kanisa. Wote wameguna, wote wameshika viuno, wote wamekwenda kupika. Mtoto wa yule Mhindi ameniambia baba yake ameshakufa na yeye hataki maneno na serikali. Sawa. Kesho nakwenda mwenyewe.

Jumatatu, 10 Agosti



Wamefika asubuhi na nyundo kubwa. Nyapara wao nani? Pazi! Mzaramo aliyekuja na reli akasahau kurudi pwani. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Siku ya maziko ya Andrea ni huyu Pazi aliyelala mbele ya jeneza, akazuia njia mpaka akapewa kofia ya marehemu. Watu walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Nilipomwona tu nilijua la kufanya. Nikavua viatu, nikaingia kwenye birika la sabili na gauni langu la shule, nikalala. Maji yalikuwa ya baridi kweli.

Watani hatuanzi na shikamoo. Pazi alianza na matusi. "Wewe mbeba pembe, toka humo! Hili si josho la ng'ombe."

Nikamjibu, "Mla nazi we! Leo unamzika mume wangu mara ya pili. Mimi mtani wako nazuia maziko mpaka nipewe haki yangu."

Vibarua wakaweka nyundo chini. Soko zima likaja. Mwalimu amelala birikani! Aibu nimeiona, sikatai. Wanafunzi wangu wawili walikuwepo na mama zao. Lakini sikutoka.

Pazi akaniuliza nataka nini, kuku au kanga. Nikamwambia nataka sabili yote, jiwe kwa jiwe, lisipasuke hata moja. Akakuna kichwa. Nikaona anaipima ile amri aliyopewa: pawe peupe ifikapo Jumamosi. Hakuna aliyemwambia apafanye peupe kwa njia gani. Na haki ya mtani hainyimwi, hasa mbele za watu. Angeninyima, asingehudhuria msiba wowote Tabora hii bila kuzomewa.

"Wanyamwezi wachoyo nyinyi," akasema. Kisha akawatuma vibarua wakarudishe nyundo, walete mitaimbo.

Jumatano, 12 Agosti

Wanang'oa polepole. Pazi anawafokea kama wamebeba mayai. Mawe yanakuja uani kwangu kwa mkokoteni. Kuku hawana pa kulala.

Leo simba wa nne ameanguka kwenye kona ya mtaa wangu. Pua imekatika. Pazi alikuja mwenyewe kuniambia, kofia mkononi, amesahau na matusi. Nimelia mbele yake. Kisha tukamtazama vizuri, nikaanza kucheka. Bila pua amekuwa simba kamili.

Jumamosi, 15 Agosti

Sokoni peupe. Malori yanageuka. Sikuweza kupita pale.

Nimerudi bomani. Safari hii sikukaa kwenye benchi. Nimemwambia Bwana Shauri: mawe ninayo, mafundi watajitolea, nipe maji, njia panda ya Chemchem. Akasema bomba linapita pale kweli, lakini limeahidiwa kambi ya askari. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Sabili isiposimama na kutoa maji, bomba linakwenda kambini. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Jumamosi, 22 Agosti

Vibarua wa Pazi wanajenga jioni wakitoka kazini. Wanawake wale wale wa mlangoni mwa kanisa wanaleta mchanga na uji. Siwasemi. Pazi amechukua jogoo wangu bila kuuliza, ameshachinja. Haki yake, ila jogoo yule nilimpenda.

Msingi ulikaa upande. Tumebomoa, tumeanza tena. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Sijali.

Ijumaa, 28 Agosti

Wamefungulia maji. Hakuna kitu. Simba wanne wamekauka. Karani wa boma alikuja kutazama, akaenda zake anapiga mluzi. Natamani kumrushia jiwe.

Pazi anasema udongo umeziba njia za ndani, zile Andrea alizotoboa kwa mkono. Kesho tunazizibua kwa waya, moja moja. Zikigoma, tunafumua yote. Nimewaambia hivyo na hakuna aliyebisha.

Jumapili, 30 Agosti

Yalitoka jana. Kwanza tope, kisha kutu, kisha maji. Watu walipiga vigelegele, mimi nilikaa chini tu kwenye vumbi.

Leo jioni nimekwenda peke yangu na ndoo. Foleni ndefu. Nimepita pembeni nimguse mmoja wa simba, nione kama saruji imeshika. Msichana mmoja, mgeni, katoka Ipole juzi juzi, akanishika mkono. "Shikamoo mama. Samahani, wote tumekuja kuteka. Foleni inaanzia kule."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mdomoni kabisa.

Nikasema marahaba, nikaenda nyuma. Mbele yangu wanawake walikuwa wanazungumza bei ya karanga.

Zamu yangu ilipofika nikajaza, nikajitwika, nikarudi nyumbani.