Mama, Mkweo Alipokuangusha Mtihani

Mama yangu mpenzi,

Nimeombwa kuandika kitu kingine kabisa. Mjukuu wako Nyamizi, yule wajina wako, anafundisha katika chuo kimoja cha biashara cha watu binafsi hapa Tabora, chenye madirisha ya vioo na feni kila chumba, na sasa wanatengeneza kijitabu cha kuwavuta wanafunzi wapya. Akaniambia, "Mama, wewe ulisoma biashara enzi za Ujamaa. Waandikie vijana ukurasa mmoja tu, chuo kizuri kikoje." Nikakaa na kalamu. Kila nikianza kukieleza chuo, unatokea wewe na debe lako la asali, unakaa katikati ya ukurasa na hutaki kusogea. Basi nimeacha kushindana nawe. Nakuandikia wewe, na vijana wakipenda wasome.

Chuo chetu hakikuwa na kioo hata kimoja. Kilikuwa ile nyumba ya udongo ya Mzee Maganga kule Isevya, kuta nene, madirisha ya mbao, baraza ndefu inayotazama njia. Mwenyewe alipenda kusema wapagazi wa zamani walipokuwa wakielekea Kwihara walitua mizigo yao pale pale barazani, nawe ukamjibu kwamba kila mwenye nyumba kuukuu Tabora anasema hivyo hivyo. Alikuwa amestaafu ukarani wa reli. Uhuru ulipokuja akasema nchi iliyojitawala itahitaji watu wa kuendesha maduka na ofisi, akanunua mashine za taipu zilizochoka, akagongesha mabenchi, akaajiri mwalimu mmoja kijana, Selemani, akafungua chuo cha jioni. Pale tulifundishwa kupiga taipu, hatimkato, uwekaji hesabu na barua za biashara. Walikuja watoto wa mafundi na wachuuzi wa mjini, makarani waliotaka kupanda cheo, na vijana wa wakulima wa tumbaku waliokuja na treni kutoka Urambo wakapanga vyumba kwa jamaa zao. Saa ya taipu Mzee Maganga aliweka santuri ya dansi kwenye gramafoni ili vidole vyetu vifuate mdundo. Nje, wapita njia walisimama wakatikisa mabega. Mpaka leo nikisikia dansi la zamani, vidole vyangu vinatafuta herufi mezani, na wajukuu wananicheka.

Siku ya kwanza ulinipeleka wewe. Nilidhani utaniacha mlangoni uende sokoni, kumbe ulikuja kukikagua chuo kama unavyokagua asali ya mrina usiyemjua. Ulimwuliza Mzee Maganga huyo mwalimu amewahi kuuza nini maishani mwake. Ulitaka kumwona kwa macho mtu aliyemaliza mwaka uliopita, na uambiwe sasa anafanya kazi gani. Mzee wa watu alijifuta jasho. Mwisho ukauliza, asiyeelewa mnamfanyaje, mnamfukuza? Hapo akajibu Selemani, akiwa amesimama pembeni na chaki mkononi, kwamba asiyeelewa anarudia, na yeye mwalimu anarudia naye. Kisha ukasema, "Mwandikeni huyu. Na mimi niandikeni."

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa msichana mwenye viatu vipya, na mama yangu anataka kukaa nami benchi moja. Lakini ulikuwa na sababu zako. Azimio lilikuwa limetangazwa, wachuuzi wadogo walikuwa wanajiuliza kesho yao itakuwaje, na akina mama wa mtaa wetu walikuwa wameanzisha ushirika wao na kupanga kufungua duka. Walitaka msimamizi, na sharti lilikuwa moja: awe na cheti. Tangu baba afariki ulikuwa umekaa juani sokoni na madebe yako. Ulinieleza njiani tukirudi, bila huzuni yoyote, kwamba unataka duka lenye mlango, uufungue mwenyewe asubuhi. Hukuniomba ruhusa, ila uliniambia nikuazime kifutio.

Ukawa burudani ya chuo. Selemani akiingia, sote tulisimama kumwamkia, nawe ulisimama pia maana ulikuwa mwanafunzi kamili, lakini shikamoo haikutoka kinywani mwako kwa kijana wa umri ule. Basi yeye alipokea shikamoo zetu, kisha akaja mpaka benchi lako akakuamkia wewe. Ulimwitikia marahaba, mwanangu, haya tufundishe. Ndipo tukakaa. Hesabu ulizitafuna. Taipu ulipiga kwa vidole viwili mpaka ukauzoea mdundo wa gramafoni. Nilikuwa nikikutazama ukiwa umeng'ata ulimi kwa bidii, kilemba cha kanga kimekulegea kichwani, na aibu yangu ikaisha siku nisiyoikumbuka. Nilijivunia wewe, Mama. Sikuwahi kukwambia wakati ule kwa sababu ungeringa.

Halafu Selemani akanipenda, nami nikampenda. Hilo uliliona kabla yetu. Posa ililetwa na Mzee Maganga mwenyewe, amevaa koti lake la reli, na mambo yakavurugika. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha vichakani. Ukikubali posa, mwalimu wako wa pekee anageuka mkweo, na huwezi tena kukaa mbele yake ukafundishwa. Ukikataa, unapata cheti na mimi nabaki nyumbani nikilia. Mtihani ulikuwa umekaribia. Ulimpa Mzee Maganga kahawa, ukamwambia posa umeisikia na jibu atalipata baada ya matokeo.

Mji mzima ukapata la kusema. Sokoni walisema utafaulu hata ukiwasilisha karatasi tupu, kwani nani atamwangusha mama wa mchumba wake? Wengine walisema chuo chenyewe sasa kimekwisha, vyeti vyake vitakuwa vya kuozeana. Mzee Maganga alikonda. Jioni moja, kabla ya kipindi, ukasimama mbele ya wote.

"Mwalimu," ulisema, "ukiniongezea hata alama moja, binti yangu humpati."

Selemani akasema amesikia, akageukia ubao, na chaki ikamvunjika mkononi.

Mtihani ukafika. Hesabu, taipu na hatimkato ulipita vizuri. Karatasi ya mwisho ilikuwa barua: mwandikie mfanyabiashara wa Dar es Salaam kwamba sukari aliyoleta imefika imelowa, na umtake alete nyingine. Tulipokuwa tunarudi nyumbani ulikuwa na raha, ukasema yule bwana umemwandikia kiungwana. Kumbe ulianza na bismillahi, ukamsalimu, ukamwuliza hali yake, ya mkewe na ya watoto, ingawa hukujua kama anao. Ukamwuliza habari za mvua za pwani, ukampa za Tabora. Ukamweleza kwamba mwaka ule miyombo ilichelewa kuchanua na asali imekuwa nyepesi. Ukamkaribisha nyumbani siku atakayopanda treni kuja huku, ukamwahidi kuku. Karatasi ikajaa, kengele ikagongwa, na sukari hukuitaja.

Selemani alileta matokeo alasiri moja, peke yake. Ulikuwa uani unachuja asali kwa kitambaa, mikono imeenea asali mpaka viwiko. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na wewe ulijua. Alikuamkia, hakusubiri kigoda.

"Mama, barua hujafaulu. Mengine yote umefaulu."

"Barua ina kosa gani?"

"Hukumwambia kama sukari imelowa."

"Ningemwambia ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili haukuwepo, Mama."

Ukaendelea kukamua kitambaa chako. Nilikuwa nasikia asali inavyodondoka. Ukamwuliza kama binti yako bado anamtaka, akasema anamtaka. Ukamwambia aende akamwite Mzee Maganga, naye akaondoka ameinamisha kichwa, akiamini anakwenda kumwita mzee aje kupokea kukataliwa. Mimi nililia pale nyuma ya mlango kwa hasira. Nilimwona mjinga. Alama chache tu za huruma, na sote watatu tungepata tunachotaka. Sasa cheti kimekwenda na mume amekwenda.

Uliingia, ukanisogeza kwa kiwiko usinipake asali. "Nyamaza," uliniambia. "Cheti nilikitaka. Sikukitaka cha kupewa kwa sababu yako. Huyu ameniambia hapana huku anatetemeka, na kesho atakwambia kweli hata ikimchoma yeye. Mwanamume wa namna hiyo sikuachii umpoteze."

Mzee Maganga alifika na radhi zake tayari mdomoni. Ulimpa kibuyu cha asali na jibu la ndiyo, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Mimi nilifurahi, halafu furaha ikanikwama, kwa kuwa nilielewa umelipa nini. Mwalimu wa barua alikuwa mmoja tu mji mzima, na sasa alikuwa mkweo.

Namna tulivyotoka hapo bado inanichekesha. Selemani hakukubali uache. Alihamishia kipindi cha barua barazani, wanafunzi wote nje, yeye amesimama anatazama njia, na wewe peke yako ndani nyuma ya dirisha lililofunguliwa nusu. Hamkuonana hata kidogo. Ukitaka kuuliza, uliuambia ukuta: mtu asiyejua salamu zikatwe wapi, afanyeje? Naye aliijibu njia: mtu huyo aambiwe amsalimu mteja mara moja, aingie kwenye shida yake. Darasa lilijing'ata midomo. Na kwa kuwa mwalimu alikuwa anafundisha kwa sauti ya kusikika ndani, wapita njia wakaanza kusimama. Wauza karanga walisimama, dereva wa lori la ushirika alisimama, mwanamke mmoja wa Igunga aliyekuja mjini kuuza ng'ombe alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza anaandikishwa wapi. Watu wale wale waliosema chuo kimekwisha walileta watoto wao, kwa sababu ilikuwa imejulikana kwamba pale hata mama mkwe anaangushwa. Mzee Maganga akanunua mabenchi mengine.

Uliporudia mtihani, alisahihisha Mzee Maganga mwenyewe. Barua yako ilikuwa ya mistari mitatu. Alisema yule bwana wa Dar es Salaam angeipata angetuma sukari siku hiyo hiyo kwa hofu. Wiki ile ulipopata cheti tulikupikia pilau, na Selemani alikula kwake, nyumba ya pili ng'ambo ya ukuta, akicheka kila tulipocheka bila kujua tunacheka nini.

Duka ulilisimamia miaka mingi, Mama, na mlango uliufungua mwenyewe. Sukari ilipokuwa adimu, watu walipanga foleni kwako bila ugomvi, kwa sababu walijua hakuna kilichofichwa chini ya meza, hata kwa ajili yangu. Nilirudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi, nikinung'unika njia nzima. Selemani alikuwa akisema mama yako yuko sahihi, tunywe chai ya asali.

Sasa nisikilize ninavyojisikia leo. Nina furaha. Nilidhani kukuandikia kutaniliza, na kweli nimelia kidogo pale kwenye barua ya Dar es Salaam, lakini ni kwa kicheko. Nimempa Nyamizi ukurasa wake. Nimewaandikia vijana wasihesabu feni. Waulize maswali yako yale yale, hasa lile la mwisho, asiyeelewa anafanywaje. Wakiona wakuu wa chuo wanajifuta jasho, wasikimbie, wasubiri wasikie ni nani atakayejibu. Nyamizi ameusoma akasema ni mrefu mno kwa kijitabu. Nimemwambia ni damu ya wajina wake.

Moja nililitunza, na sasa nitalisema mbele ya watu. Ulipougua mwisho, ulinituma nimlete Selemani chumbani. Nilisita, nikakukumbusha ukwe. Ukasema ukwe umekuchosha, mlete. Akaja, mzee tayari, mvi kichwa kizima, akasimama mlangoni anatazama sakafu. Ulimwambia akae karibu, akakaa. Ulimwambia akutazame, akakutazama, mara ya kwanza tangu ile alasiri ya asali. Mimi nilitoka kuchemsha maji, lakini masikio niliyaacha.

"Mwanangu," ulimwuliza, "ile barua ilikuwa mbaya kweli?"

Selemani alilipima swali kwanza, kama kawaida yake.

"Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kusahihisha, Mama," alisema. "Lakini ulistahili kuanguka."

Nilisikia kishindo nikakimbia ndani, nikidhani umezidiwa. Mlikuwa mnacheka, wewe na mume wangu, mmeshikana mikono, na machozi yanawatoka wote wawili.

Lala salama, Mama. Selemani yuko barazani, ameniambia nikufikishie shikamoo yake.

Ni mimi, binti yako, uliyekaa nami benchi moja.