Swali la Baba

4 Machi

Kwako kaka,

Hujambo huko masomoni? Sisi wazima, ila mgongo wa mama unamsumbua. Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: nilimsaliti baba.

Unajua kiwanda cha saruji kimechukuliwa na wageni, watu wa huko unakosoma. Kwa kuwa lugha yao nilijifunza shuleni, waliniita nitafsiri siku ya kusaini mkataba wa wafanyakazi. Baba, mwenyekiti wao, akasimama. "Mwulize meneja: mtatufundisha kutengeneza mitambo, au tutaifuta vumbi tu mpaka muondoke?" Watu wakacheka. Nikaona haya kumwambia hivyo meneja, mzee mwenye mvi. Nikamwambia kwamba baba anawashukuru kwa kuja. Meneja akaitikia kwa kichwa. Baba akadhani amekubali, akasaini kwa niaba ya watu mia mbili. Sasa kila jioni ananiuliza mafunzo yanaanza lini.

Nifanyeje?

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Mpe mama pole. Mimi mzima, baridi tu. Sikugombezi; wewe tangu utotoni ukitumwa chumvi unarudi mikono mitupu kwa kumwogopa muuzaji. Lakini hapa makumbushoni kuna mashine kuukuu ambayo watu wa huku waliuziwa na wageni wao zamani. Waliifungua skrubu moja moja mpaka wakaielewa. Swali la baba kwao si tusi. Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Kaulize.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Baridi imepungua? Mgongo wa mama una nafuu.

Nilikwenda. Niliuliza kama baba alivyouliza, hata lile la vumbi. Meneja akavua miwani.

"Nilishangaa hamkuuliza siku ile," akasema. "Sisi kwetu tuliuliza kabla ya kusaini. Nilikuwa na ruhusa ya kufundisha watu ishirini. Mliponyamaza, nikaagiza mafundi kumi na nane kutoka nyumbani badala yenu. Zimebaki nafasi mbili."

Baba amepata moja. Jana alirudi na grisi mpaka kwenye nyusi, na kunawa hataki. Anatangazia mtaa mzima kwamba yule meneja akiitikia kwa kichwa, basi amekubali. Mama alicheka mpaka akashika mgongo. Mimi niliinamia sahani yangu.

Nitamwambia mwenyewe, nikipata ujasiri. Kwa sasa, ukimwandikia, mpongeze tu. Zile nafasi kumi na nane, kaka yangu, nakuomba zibaki kati yetu wawili.

Mdogo wako